Bwana yangu hataki kuinuka kitini: nimsukume au nimwache?

Jambo sana, mama mshauri.

Nakuandikia kutoka Majengo, hapa Goma. Bwana yangu ni seremala, ana miaka 43. Mwezi wa kumi mwaka jana alipanda pikipiki akitoka atelie, yaani karakana, motari aliyekuwa anaendesha akakwepa lori, wakaanguka wote wawili. Hakuwa na kofia. Kichwa kiligonga jiwe la volkano, haya mawe meusi tuliyo nayo kila mahali. Alilala hospitali siku nyingi bila kumjua mtu. Skana ilionyesha damu ilivuja ndani ya ubongo upande wa kulia, lakini hawakumpasua. Alishikwa na kifafa mara moja akiwa kulekule, na mpaka leo anameza dawa. Tulipotoka alikuwa anatembea kwa fimbo, mguu wa kushoto unaburuta, mkono wa kushoto una nguvu kidogo tu.

Hospitalini kulikuwa na kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole, aliyemfanyisha mazoezi kila asubuhi, na bwana yangu alikubali vizuri. Siku ya kutoka alitupa karatasi yenye picha za mazoezi ya kufanya nyumbani. Nimeibandika ukutani. Huu ni mwezi wa tano, hajaifuata hata wiki moja.

Asubuhi namwamsha, namwogesha, namvalisha, namwekea kiti karibu na mlango. Hapo ndipo anashinda mpaka jioni. Nikimwambia, "Baba watoto, tuzunguke parseli kidogo," yaani kiwanja chetu, anajibu, "Kesho." Kesho ikifika, ni kesho tena. Juzi nikachoka. Nikamvuta mkono, akasimama, kisha akanitukana mbele ya watoto kwa maneno ambayo tangu tuoane sijayasikia kinywani mwake. Baadaye akalia. Na mimi nikaenda kulilia jikoni.

Mama mkwe anasema kichwa kilichopigwa kinataka kulala, nisimuulie mtoto wake. Mkubwa wake anasema ni uvivu, eti mimi ndiye ninayemdekeza. Kanisani wengine wanasema amerogwa. Mimi nauza sombe (majani ya muhogo) na makala (makaa) soko la Virunga, na nisipokwenda siku mbili, nyumbani hakuna chakula. Sina nguvu ya kugombana na watu wote hawa.

Kuna jambo moja linalonichanganya zaidi. Wiki iliyopita mtoto wetu mdogo alikuwa akicheza, mpira ukabingirika kuelekea mtaroni. Bwana yangu akainuka mwenyewe, hata fimbo hakuigusa, akausimamisha kwa mguu wa kulia, akamrudishia mtoto, akakaa. Kabla ya ajali hakuwa anakosa mechi ya Dauphins Noirs, timu yetu ya mpira. Kumbe anaweza! Basi mbona hataki? Nimsukume, au nimwache?

Mke wa seremala, Majengo

*

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale kwenye mpira. Wewe uliona jambo la kukuchanganya. Mimi naona ndipo pa kuanzia.

Bwana yako aliinuka bila kuambiwa na akaweka mguu wa kulia juu ya mpira. Sasa fikiria, kwa muda ule mfupi uzito wa mwili wake ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye mguu wa kushoto, huohuo unaoburuta. Kuuzoesha mguu dhaifu kubeba mwili ni kazi ambayo makine wanahangaika nayo kila siku kwa wagonjwa wa namna hii, naye aliifanya bila karatasi na bila ugomvi. Hukumsukuma, wala hukumwacha. Mbele yake kulikuwa na kitu kilichomwita.

Basi mkono wake usiuvute tena, na kukaa kutwa mlangoni nako kukome. Kati ya hayo mawili kuna kazi ya kufanya, na ni kazi ya familia nzima: kuijaza siku yake vitu vinavyomwita.

Kwanza ujue kwa nini anasema kesho. Mtu akianguka kwa kasi, ubongo unatikisika ndani ya fuvu na kugonga mfupa, hasa pale mbele, nyuma ya paji la uso, ambapo mfupa kwa ndani una kingo kali. Kwa hiyo hata damu ikionekana upande mmoja kwenye skana, sehemu ya mbele mara nyingi nayo imeumia. Na sehemu hiyo ndiyo inayomfanya mtu aanzishe jambo: aamue, apange, ainuke. Ikiumia, mtu anaweza kutaka na asianze. Ni kama gari ambalo injini yake ni nzima lakini demareri, kile kifaa cha kuiwasha, imekufa. Mkubwa wake akimwita mvivu, mwambie kwa heshima kwamba mvivu anajua kuanza, ila hapendi. Huyu kuanza kwenyewe ndiko kulikoumia.

Juu ya hilo kuna uchovu. Uchovu wa ubongo ulioumia haufanani na wa mtu aliyetoka kupiga randa kutwa. Unaweza kumjia baada ya kuoga tu, au baada ya wageni wawili kuongea kwa pamoja huku redio ikiimba. Na tena kuna huzuni. Fundi aliyekuwa analisha nyumba, leo anavalishwa shati na mke wake. Wengi waliopata jeraha kama hili wanaingia katika huzuni nzito, na huzuni hiyo ina matibabu. Ukiona hapati usingizi, hataki kula, au anasema bora angekufa, usichukulie kuwa ni maneno tu. Mwambie daktari.

Yale matusi nayo yatazame hivyohivyo. Breki za hasira ziko katika sehemu ileile ya mbele ya ubongo. Alilia baadaye kwa sababu alijisikia vibaya kwa alichokisema. Ikitokea tena, nyamaza, ondoa watoto, zima redio, ondoka kidogo, urudi baada ya nusu saa na jambo lingine kabisa. Usimdai maelezo saa ileile.

Na mkono: uliuvuta upi? Kama ni wa kushoto, usirudie kamwe. Bega la upande uliopooza halina misuli ya kulishika vizuri, na ukilivuta linaweza kuchomoka au kuanza maumivu yatakayomkatisha mazoezi kwa miezi. Anaposimama, wewe kaa upande wake wa kushoto, nyuma kidogo, umshike kiunoni au kwenye mkanda wa suruali. Fimbo iwe mkono wa kulia.

Sasa mama mkwe. Usigombane naye, kwa maana anasema alichofundishwa na kizazi chake, na zamani hata madaktari walisema hivyohivyo. Siku hizi hawasemi tena. Hata kwa kichwa kilichogongwa kidogo tu, wataalamu wa dunia waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walikubaliana kwamba mapumziko yawe ya siku moja au mbili, na hata siku hizo mtu asilazwe gizani, kisha aanze kutembea polepole. Jeraha la mwana wake ni kubwa zaidi na linakwenda kwa mwendo wake, lakini amekwisha kupumzika miezi. Kukaa bila kujongea kuna madhara yake: misuli inayeyuka, viungo vinakakamaa, ngozi ya makalio inapata vidonda, damu inaweza kuganda miguuni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwahesabu pia watu wenye ulemavu: kama mtu anaweza, afikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaochangamsha mwili, na kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Usimsomee bwana yako hesabu hiyo, itamkatisha tamaa. Kwake leo dakika tatu ni kazi. Lakini mama mkwe aisikie, na ikiwezekana aisikie kwa daktari mwenyewe. Siku ya kwenda kliniki mwende naye.

Tuingie nyumbani kwako.

Asubuhi unamwogesha na kumvalisha. Ni upendo, na pia inakuokoa muda wa kuwahi soko. Ila kuvaa ni zoezi zuri kuliko mengi yaliyo kwenye ile karatasi: kunyoosha mkono, kuinama, kupima mizani ya mwili, kukumbuka nini kinafuata. Mpe shati. Mkono wa kushoto uingie kwanza, kisha wa kulia. Kuvua ni kinyume, mzuri utoke kwanza na dhaifu mwisho. Akae kitini anapovaa, asisimame. Itachukua muda, utatamani kummalizia vifungo. Jizuie. Siku ambazo huna budi kukimbia, mvalishe suruali wewe, shati abaki nalo yeye.

Maji ya kunywa usimpelekee tena mkononi. Weka jagi juu ya meza ya upande mwingine wa chumba, njia iwe wazi, na kila anapotaka maji ainuke. Kiti chake chenyewe kiwe kigumu, chenye mikono, kimeegemea ukuta kisirudi nyuma. Kama ni kifupi, kama vile viti vya kukaa kando ya mbabula, jiko la makaa, muongezee ubao au mto mgumu, kwa sababu kutoka chini sana kunamshinda hata mtu mzima. Kuinuka na kukaa mara tano, akapumzika, kisha mara tano tena, kunajenga mapaja kuliko unavyodhani. Lakini usimwambie "fanya mara tano". Mpe sababu tano za kuinuka.

Na namna ya kumuuliza ibadilike. "Tutembee?" ni swali ambalo jibu lake ni "kesho". Mpe machaguo mawili, yote ya kuinuka: "Twende mpaka getini, au mpaka kwa jirani?" Halafu mwendo uufunge kwenye jambo ambalo siku zote linakuja lenyewe. Chai ikiisha, tunakwenda getini. Kila siku, saa ileile, hata siku ya mvua mnazunguka ndani. Baada ya wiki chache chai itafanya ile kazi ya kumwanzisha ambayo ubongo wake unashindwa. Asubuhi ni bora, kabla uchovu haujamfika.

Anza na umbali ambao unajua hautamshinda, na mrudi akiwa bado na nguvu. Hapa ndipo familia nyingi zinakosea kwa nia njema: siku mgonjwa amechangamka wanamtembeza mpaka barabarani, kila mtu anapiga makofi, kisha analala siku mbili na hataki kusikia tena neno kutembea. Anapotembea awe anaweza kuongea nawe. Maneno yakianza kukatika, punguzeni mwendo. Kama siku inayofuata amechoka kupita kawaida, jana ilikuwa nyingi, punguza, lakini usifute. Uwekeni mstari ukutani kwa kaa la makala kila mkifika getini, na mistari aichore yeye. Watu wa kumbukumbu dhaifu hawaamini kwamba wameendelea mpaka waone kwa macho.

Njia zetu za Goma unazijua. Kambambili azivue kwa ajili ya kutembea, ni hatari kwa mguu unaoburuta: zinanasa kwenye jiwe, anaanguka, na kichwa hiki hakiwezi kupigwa mara ya pili. Avae raba zilizofungwa kamba. Mkitoka nje ya parseli, mtu atembee upande wake wa kushoto, kwa sababu aliyeumia ubongo upande wa kulia mara nyingine haangalii kushoto kabisa, na pikipiki inayotoka upande huo hataiona. Ngazi: kupanda, mguu mzuri utangulie, kushuka, mguu dhaifu utangulie.

Lakini ninachokutakia hasa ni mbao. Mtu huyu ni fundi. Waulize wenzake wa atelie kama mmoja anaweza kupita Jumamosi na kipande cha ubao na msasa. Ubao ukae juu ya meza inayofika kiunoni mwake, naye asimame apige msasa, mkono wa kushoto ukiwa juu ya ubao kuushikilia, wa kulia ukisugua. Kusimama pale dakika tano ni mizani, ni miguu, ni mkono, ni akili. Na mbele ya mwenzake hatasema kesho kwa urahisi kama anavyokwambia wewe. Randa itakuja baadaye, mikono miwili ikikubali. Mashine ya kukata hapana, wala msumeno mkali akiwa peke yake, kwa sababu alikwisha kushikwa na kifafa. Kwa sababu hiyohiyo asipande juu ya paa, asiachwe na mbabula inayowaka, asioge ziwani peke yake. Pombe aiache, hata kasiksi (pombe ya ndizi) ya sherehe. Dawa isikatwe kwa kuwa anaonekana mzima; ikikaribia kuisha, nenda kabla haijaisha, kwani kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa.

Na mpira, bila shaka. Mtoto akae mbele yake, mita mbili, amsukumie taratibu. Aanze akiwa amekaa. Akianza kusimama, ukuta uwe nyuma yake na mtu mzima kando. Muulize pia angependa kurudi wapi kwanza. Huenda atasema kanisani, huenda atasema uwanja wa mpira, Stade de l'Unité. Mwache alitaje yeye, si wewe wala kine. Mtu akijua anakwenda wapi, kufika getini kunakuwa na maana.

Kuhusu kine: kulipa kila wiki ni mzigo, najua. Hata mara moja kwa mwezi inafaa, ampime alipofika na kubadilisha zoezi. Ile karatasi iliandikwa kwa mtu wa miezi mitano iliyopita. Uliza hospitali mliyotoka, na uliza pia kituo cha Shirika la Umoja hapa Goma, kinachofanya kazi na watu wenye ulemavu wa viungo. Wala usiambiwe kwamba muda umekwisha. Miezi ya kwanza ndiyo ya haraka zaidi, lakini ubongo unaendelea kujifunza njia mpya hata baada ya miaka, mradi mwili unatumika.

Wa kanisani usiwajibu kwa hoja. Wakija kuomba, waombe, kisha mmoja wao amsindikize getini. Shemeji yako anayesema uvivu mpe siku yake, Jumapili alasiri, amtembeze yeye. Akimwona ndugu yake anavyotokwa jasho kwa hatua chache, neno hilo halitarudi. Na siku zako za soko, mwendo wa baada ya chai usikungoje wewe. Mama mkwe akikubali maneno ya daktari, atakuwa msimamizi bora kuliko sisi wote.

Kuna dalili za kutongoja: kichwa kinachouma kila siku zaidi ya jana, kutapika bila sababu, usingizi usio wa kawaida mpaka kumwamsha ni shida, au udhaifu mpya, hasa kama ameanguka hivi karibuni. Hapo ni hospitali, hata usiku. Kifafa kikimshika, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, usimtie kitu mdomoni. Kikipita dakika tano, au kikirudi kabla hajaamka, mpelekeni mara moja.

Usianze yote haya pamoja, utachoka kabla yake. Wiki hii anza na shati na jagi la maji tu. Wiki inayofuata ongeza geti baada ya chai. Ubao na msasa vingoje mpaka kine amwone akisimama.